Asiye na Sweta Hali Pilau

Ifahamike kwa ndugu, jamaa, majirani na viumbe wote wa Mbulu mjini kwamba harusi ya Saumu na Nurdin haitakuwa na dosari hata moja, kubwa wala ndogo, ya kuonekana wala ya kujificha. Ndivyo alivyotangaza Saumu mwenyewe mbele ya kamati nzima ya harusi. Kisha akapiga chafya, kwa sababu ilikuwa Julai.

Shamimu, mdogo wake, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya shule ya bweni, alicheka. Akatolewa nje ya kikao.

Julai ya Mbulu ni mwezi ambao ukungu huingia ndani bila kupiga hodi, na watu huvaa kila walichonacho. Saumu alilijua hilo, maana amezaliwa hapo. Lakini alikuwa ameangalia mno picha za harusi za Dar es Salaam kwenye simu, na kule hakuna aliyevaa sweta. Akaamuru: sare ni kitambaa cha rangi ya krimu, mikono mifupi, na mtu asivae sweta juu yake. Picha zitaharibika.

Wote walinung'unika chini chini, wakakubali. Aliyekataa waziwazi ni Bibi Sikuzani, aliyemlea Saumu kijijini Nambis wakati mama yao akizunguka minadani kuuza mitumba. Bibi ana sweta jekundu ambalo ukoo mzima haujawahi kuona kilicho chini yake.

"Mwambie dada yako," Bibi alimwambia Shamimu aliyetumwa kumbembeleza, "harusi ni yake, kifua ni changu. Dua nitamwombea hapa hapa jikoni."

"Kwa hiyo huji, Bibi?"

"Nije nikohoe kwenye video?"

Saumu alipoletewa jibu alisema, "Basi asije." Halafu akajifungia bafuni, akafungua bomba ili asisikike akilia. Shamimu alisikia.

Sasa, shuleni kwao Shamimu aliwahi kulitangazia bweni zima kwamba ukaguzi umeahirishwa. Haukuwa umeahirishwa. Mtu wa namna hiyo hafai kuachwa na huzuni ya dada yake bila usimamizi. Kesho yake alirudi Nambis, uso umekunjamana kama wa matroni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeleta nini tena?"

"Nimetumwa. Dada amebadili sharti. Asiye na sweta hali pilau."

"Saumu kasema hivyo?"

"Kwa kinywa chake."

Bibi alianza kukagua vifungo vya sweta lake kimoja kimoja.

Shamimu angeishia hapo, ingekuwa dhambi ndogo. Lakini njiani alikutana na baba mdogo Idrisa, naye akampa ujumbe ule ule. Baba mdogo ana pikipiki na ana mdomo, na vyote viwili haviishiwi mafuta. Hadi jioni ukoo wote ulikuwa umepata habari, isipokuwa bibi harusi.

Siku ya harusi, ndoa ikiisha kufungwa, Saumu alitoka nje katika gauni la lesi jepesi, akakuta turubai limejaa masweta. Ya kijani, ya bluu, ya mistari. Shangazi mmoja alikuwa amejibana ndani ya sweta la shule ya msingi la mwanawe, mikono ikamwishia viwikoni. Baba mdogo Idrisa alivaa mawili. Krimu ilichungulia kwa chini tu.

Mpiga picha akashusha kamera. Saumu akafungua mdomo kufoka.

"Mjukuu wangu!" Bibi Sikuzani alikuwa amesimama mstari wa mbele, mwekundu, amefunga vifungo hadi shingoni. "Nilishaapa siji. Ulipotuma ule ujumbe nililia. Nikasema, kumbe mtoto wangu bado ananijua."

"Ujumbe?" Saumu akauliza.

"Bibi harusi mwenyewe hana sweta!" akapaza sauti baba mdogo. "Sharti ni lake, naye asipewe pilau!"

Turubai zima likacheka. Saumu alimtazama mpiga picha, akayatazama masweta, akamtazama Bibi, ambaye macho yake yalikuwa bado na machozi. Meno ya bibi harusi yalikuwa yakigongana.

"Kweli, sharti ni langu," akasema polepole. "Bibi, niazime lako."

"Langu? Thubutu! Njoo tuingie wote."

Bibi akafungua vifungo, akamvuta ndani, lesi na yote. Mpiga picha akapiga: sweta moja, vichwa viwili, na Saumu akicheka hadi shela ikamteleza. Nurdin naye akaja kuomba nafasi, akafukuzwa.

Humo humo ndani ya sweta, macho ya Saumu yakazunguka turubai taratibu. Yakasimama kwenye sufuria kubwa za pilau. Nyuma ya sufuria hizo alisimama mtu mmoja ndani ya sare safi ya krimu, mikono mifupi, anatetemeka kama jani.

"Shamimu. Mbona ukoo mzima umevaa sweta, wewe peke yako huna?"

"Si ulikataza, dada? Mimi ni mtiifu."

"Shamimu!"

Shamimu akatoka, upawa mkononi kama ngao.

"Ni mimi," akasema. "Sikutumwa na mtu. Nilitaka Bibi tu aje. Hao wengine niliwaongeza kwa sababu ilikuwa inanoga. Na sweta langu nimelificha chini ya gunia la mkaa, ili mkiulizana, nionekane simo. Dada, naomba nikalichukue, nakufa."