Ujumbe Ulioishia Kwenye Goti

Mpishi wa keki alikuwa na dawa moja tu ya ujumbe wa sauti wa wifi yake: kutousikiliza. Wifi huyo, dada mkubwa wa mumewe, hakuwa mtu wa kuandika. Alianza kurekodi akiwa bado anavua viatu mlangoni, akaongea mpaka chakula chake kikaiva, na kila mara alianzia kwenye goti. Goti lilivyoamka, goti lilivyopanda ngazi, daktari alivyolibonyeza goti. Mambo mengine yalifuata baadaye, kama yalikuwepo, lakini mpishi wa keki hakuwahi kufika huko. Aliiacha sauti iseme maneno mawili matatu ili ujumbe uonekane umesikilizwa, akajibu, "Sawa, wifi," na kurudi kwenye krimu yake.

Dawa hiyo ilifanya kazi miaka mingi bila madhara. Mumewe, fundi bomba mpole asiyependa makelele, alimwonya kwamba iko siku atakubali jambo kubwa bila kujua. Akamjibu kwamba dada yake hana jambo kubwa, ana goti.

Basi Jumatatu moja ukaingia ujumbe mrefu kuliko yote. Siku hiyo alikuwa na keki ya ghorofa ya harusi, na kioveni chake kilikuwa kidogo hivi kwamba kila ghorofa iliokwa peke yake, upande mmoja ukiungua na mwingine ukibaki mbichi. Ilibidi akae mguu sawa kuigeuza. Hakuwa na nafasi ya goti la mtu. Alijibu upesi kwa kidole kilichojaa unga: "Sawa, wifi. Nimekuelewa kabisa." Hilo "kabisa" lilikuwa chumvi yake mwenyewe, aonekane mke mwenye adabu.

Jumanne alipoamka, simu ilikuwa imejisasisha yenyewe. Ilikuja na rangi mpya, mlio mpya na maringo mapya. Ila programu ya ujumbe ilikuwa imepata wazimu: kila alipofungua ujumbe wa sauti, ulisema maneno machache, kioo kikawa cheusi, programu ikajifunga. Alicheka peke yake jikoni. Sasa alikuwa na kisingizio cha halali.

Kicheko kilimkauka pale wifi alipopiga simu. Sauti yake ilikuwa tamu, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi. Alimshukuru kwa kukubali bila maneno mengi, akaongeza kwamba mwingine angesema nyumba ni ndogo.

"Jumamosi tunakuja na gari," wifi akasema. "Kile chumba cha nyuma kitakuwa tayari?"

"Kabisa, wifi," akajibu, maana ulimi ulishazoea.

Alipokata simu, roho ilikuwa juu. Aliurudia ule ujumbe. "Wifi yangu, hili goti langu…" na giza. Akaizima simu, akaiwasha, akaipangusa kwa kitambaa cha vyombo kana kwamba tatizo ni uchafu. "Wifi yangu, hili goti langu…" na giza. Aliijaribu sebuleni, akaijaribu uani, akaibembeleza, akaitukana. Kila mara ilimfikisha kwenye goti na kumtelekeza hapo.

Fundi simu wa pale kona alikuwa amezungukwa na watu wenye malalamiko hayohayo. Alimweleza kwamba shida ni lile sasisho, na akiifuta programu ili aiweke upya, huenda ujumbe nao ukafutika. Dawa ni kusubiri sasisho jingine lije kurekebisha madhambi ya hili. Lini? Fundi aliinua mabega tu.

Angeweza kumpigia wifi na kumwomba arudie. Lakini hapo angekuwa amekiri, na wifi hakuwa mtu wa kuweka kitu moyoni. Angemweleza mama mkwe, mama mkwe angewaeleza mashangazi, na mpishi wa keki angekuwa mke asiyesikiliza mpaka siku ya kuzikwa. Alimpeleleza mumewe kwa mbali, akijitia hamnazo: eti dada yako hajambo, ana mipango gani? Mumewe hakujua lolote, na kwa jinsi alivyotabasamu, alionekana kulifurahia jambo zima.

Ikabidi aunganishe mwenyewe. Wifi alikuwa mjane, akiishi peke yake ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti. Goti linauma. Ngazi zimemshinda. Anakuja na gari, anataka chumba cha nyuma. Mpishi wa keki alikaa juu ya gunia la unga. Wifi anahamia.

Alhamisi wifi alipita mwenyewe, akichechemea, na futi ya kupimia mkononi. Alipima mlango wa chumba cha nyuma, akapima ukuta, akafungua dirisha na kuchungulia nje. "Patatosha," akasema kwa furaha. "Na hewa inapita vizuri." Mpishi wa keki alimpa chai na kutabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Moyoni aliogopa, tena aliogopa kweli. Aliiona miaka yote iliyobaki ikianza na goti asubuhi na kuishia na goti jioni, bila kitufe cha kuzima sauti.

Wifi alipoondoka tu, alikata shauri. Hatakataa, kwa sababu alishakubali. Ila chumba chenyewe ndicho kitakachokataa. Alihamishia humo magunia ya unga na maboksi ya keki. Akaongeza viti vibovu, mabomba ya mumewe na godoro lililokwisha kufa. Hakuridhika. Alizunguka kwa majirani akiwauliza kama wana vitu vya kuhifadhiwa, na majirani, ambao hawakuwahi kuona ukarimu wa namna hiyo, walimletea hata bakuli la choo lenye ufa. Kufikia Ijumaa jioni mlango ulifungwa kwa kusukumwa na bega.

Jumamosi gari la mizigo likaegeshwa nje. Wifi aliteremka kwanza, amevaa nguo ya sherehe, halafu wabebaji wawili wakashusha kitu kirefu kilichofunikwa turubai. Hakikuwa kitanda, wala kabati. Wifi alilivuta turubai.

Ilikuwa oveni. Oveni hasa, ya milango miwili, yenye uwezo wa kuoka keki nzima ya harusi kwa mpigo mmoja. Ilitoka kwenye jiko la chuo alilokuwa akilisimamia wifi. Chuo kilinunua mpya, naye akawaomba wakubwa wamwachie hii.

Mumewe akafungua chumba cha nyuma. Bakuli la choo likabingirika likaja kusimama miguuni mwa wifi.

Wifi alilitazama, akautazama mlima uliokuwa nyuma yake. "Wifi, si nilikuomba uondoe vitu?"

"Simu, wifi. Hili sasisho limeharibu…"

"Simu ziliharibika Jumanne. Mimi nilikutumia Jumatatu, na ukanijibu hapohapo kwamba umenielewa kabisa."

Hakukuwa na pa kukimbilia. Mpishi wa keki alijaribu kutafuta uongo mwingine, akakuta umemwishia. "Sikusikiliza," akasema, akitazama chini. "Huwa sisikilizi. Nikisikia goti naacha."

Mumewe ghafla akapata kazi ya kukagua magurudumu ya gari. Wabebaji wakakaa juu ya viti vibovu kuona itakavyokuwa. Wifi alilipangusa bakuli la choo kwa leso yake, akalikalia taratibu, akanyoosha mguu.

"Basi leo utasikia," akasema, akaanza upya. Alianza na goti. Kutoka kwenye goti akaingia kwenye jiko la chuo, na jinsi alivyoiona oveni ikisukumwa kando akakumbuka zile keki za upande mmoja. Alieleza ni vitu gani viondolewe, na kwamba mume wa mpishi wa keki asiambiwe kwa kuwa hawezi kutunza siri. Mpishi wa keki alisikiliza akiwa amesimama.

"Na mwisho nilisema hivi," wifi akaendelea, sauti ikishuka. "Najua naongea sana. Kule juu nikiongea, hakuna wa kunijibu. Wengine nikiwatumia ujumbe, wananyamaza. Wewe peke yako ndiye unayenijibu kila siku. Ndiyo maana nikasema oveni iende kwako."

Mpishi wa keki aliona aibu mpaka macho yakamlowa. Neno lake la siku zote lilimjia ulimini, akalimeza. Alivuta boksi la keki, akaketi mbele ya wifi yake.

"Goti lenyewe," akauliza, "daktari alisemaje?"

Wifi alimtazama kwa mashaka kidogo. Kisha akajiweka sawa kwenye lile bakuli, wabebaji wakaguna, na oveni ikabaki uani mpaka jua likazama.