Unga Ulionasa Kizingitini

Ndoto ya usiku wa jana ilinikuta jikoni kwangu, mwiko mkononi, maji yanachemka kwenye sufuria, na sebuleni wamekaa watu waliokuja kumposa binti yangu Tabita. Walitoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia. Sisi wa Tunduma hatushangai kuposewa kutoka huko, maana ni ndugu zetu na kinachotutenganisha ni barabara tu. Nilimtuma Tabita awapelekee maji ya kunawa, nami nikaenda stoo kuchukua unga.

Kiroba cha unga nilikikuta kimesimama chenyewe mlangoni mwa stoo, juu ya kizingiti, kimevaa koti la safari. Nilipokishika kikaniomba radhi. Kilisema kingependa sana kuja, tumejuana siku nyingi, ila tangu asubuhi stoo imekuwa jamhuri na unga umezuiwa kutoka nje ya nchi.

"Kazuia nani?" nikauliza.

"Serikali. Kuna uchaguzi," kikasema kiroba. "Mpiga kura akichungulia stoo akaona imejaa, anashiba kwa macho."

Nikaona hayo mambo madogo. Nikakivuta. Hapo akatokea askari wa jikoni, kijana mnene aliyevaa aproni yangu, akaniamkia vizuri tu kisha akaniambia kwamba unga huo hauingii. Jikoni nako kumekuwa jamhuri, na jamhuri hiyo imekataza unga wa kigeni ili kuwalinda wakulima wa jikoni. Nilimwambia nimepika humo tangu niolewe na sijaona mkulima hata mmoja. Akajibu kwamba wapo kwenye takwimu.

Kisha akachomeka kidole ndani ya kiroba, akakilamba, akatangaza kwamba unga una sumukuvu.

Kiroba kikafedheheka. "Jana nilikuwa mzima," kikasema. "Nimeanza kuugua waziri wenu alipomaliza hotuba."

Sasa mlango wa stoo ni kituo cha forodha. Kuna kizuizi cha chuma na foleni ndefu. Nyuma ya kiroba wamejipanga maharage, chumvi na dumu la mafuta ya kula, kila mmoja na cheti chake cha kuzaliwa. Chumvi inaambiwa irudi Jumatatu, nayo inalia.

Kwetu mgeni akishanawa, chakula kinafuata. Ndotoni kanuni hiyo ilikuwa imeota meno: mikono ya mshenga ikikauka kabla hajagusa tonge, posa imekufa. Mshenga mwenyewe, Mzee Silavwe, alikuwa ameinua mikono yake hewani, akiitazama inavyokauka. Tabita naye alikuwa anaitazama. Mwanangu anampenda yule kijana, si mapenzi ya kuambiwa, na mimi mama yake nimeshindwa kuvusha kiroba cha unga kwenye mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Iliniuma.

Nikamtuma Tabita uani akatafute unga. Uani ilikuwa nchi ya tatu, na uchaguzi haina, kwa sababu rais wake ni jogoo wetu na alishasema hajachoka. Jogoo alikuwa ameamuru unga uuzwe shilingi kumi, na atakayeuza zaidi achinjwe. Tabita akaenda mbio, akarudi mbio, amefunga kitu kwenye ncha ya khanga. Tukaifungua pamoja. Ndani hapakuwa na chochote.

"Unga hakuna, mama," akasema. "Nimeleta bei."

Niliporudi sebuleni kuwaomba wageni wavumilie, sebule ilikuwa ukumbi wa mikutano. Kuna bendera, kuna viyoyozi, kila kiti kina chupa ya maji. Mtaalamu wa uchumi, bwana mmoja wa tai nyekundu, anawaeleza wakwe zangu matarajio ya nyumba. Jikoni matarajio ni mazuri, kwa kuwa maji yanachemka na moto ni imara. Stoo ni mazuri, kwa kuwa unga hautoki. Uani ni mazuri kupita kote, kwa kuwa bei iko chini. Ukizijumlisha nchi zote tatu, anasema, ugali umekua kwa asilimia saba.

Wageni wakapiga makofi, isipokuwa Mzee Silavwe, ambaye angepoteza unyevu. Mtaalamu akaagiza matarajio yaandaliwe. Yakaja kwenye sinia, yamefunikwa kawa nzuri za ukili. Wakwe wakafunua, wakamega, wakatafuna kwa heshima. Shangazi wa bwana harusi alisema ni laini sana, ila hayafiki tumboni.

Nilimwendea yule bwana nikamuuliza ugali wenyewe uko wapi.

"Mama," akasema, "tafadhali usilete siasa kwenye uchumi."

Nikarudi jikoni. Nikalibeba jiko la mkaa na sufuria juu yake, nikaliweka kwenye kizingiti cha stoo, papo hapo penye kiroba, nikatia unga, nikasonga. Kizingiti si cha stoo wala si cha jikoni. Askari wa jikoni alipekua vitabu vyake, na mwenzake wa stoo, aliyetokea nyuma ya kizuizi, akapekua vyake, wasione kifungu. Ugali ukaiva. Ulinukia mpaka chumvi ikaacha kulia.

Nilipouepua tu, askari wote wawili wakasema kwa sauti moja kwamba ni lazima ukaguliwe. Wa jikoni akamega tonge la ukaguzi. Wa stoo akamega lake. Wakaangaliana wakitafuna, wakakubaliana kwamba sampuli moja haitoshi. Wakaomba mboga kwa ajili ya vipimo. Nchi zile zilikuwa hazijawahi kukubaliana jambo lolote, na siku hiyo zilikubaliana tonge kwa tonge mpaka ukabaki ukoko.

Mtaalamu akaja, akapigwa picha na ukoko, akausifu ushirikiano wa kikanda.

Mzee Silavwe alishusha mikono. Ilikuwa imekauka mpaka kwenye kucha. Akainama, akaanza kuvaa viatu vyake polepole, kama mtu anayesubiri kuzuiwa. Tabita hakulia. Alikuwa anaikunja ile khanga, anaikunjua, anaikunja tena.

Hapo subira yangu ikaisha. Nikamtwanga mtaalamu mwiko kwenye kipaji cha uso, kwa nguvu zangu zote, na kichwa kikalia debe. Hakukasirika. Alitoa kalamu, akafuta asilimia saba, akaandika sita nukta tisa.

Nikaamka. Kumekwisha kucha, na posa yenyewe ni leo mchana. Tabita alikuwa sebuleni amewasha televisheni, akaniita nije nione. Alikuwapo bwana mmoja wa tai nyekundu, anasema mahindi hayatavuka mpaka hadi uchaguzi upite, lakini wananchi wasiwe na hofu kwa sababu matarajio ni mazuri. Ukuaji, alisema, umeshuka kidogo tu, hadi asilimia sita nukta tisa. Juu ya jicho la kushoto alikuwa na nundu mbichi. Walijitahidi kuipaka poda.

"Huyu kapigwa na nani?" Tabita akauliza.

Nilimwambia sijui, na azime hiyo televisheni aje tubebe jiko. Kwetu ni aibu wakwe kumwona mama wa binti akisonga. Leo jiko litakaa sebuleni, katikati ya miguu ya wageni, na ugali utatoka sufuriani uende mikononi mwao bila kupita mlango wowote. Najua watakavyonisema wakirudi Nakonde, kwamba yule mama hana haya. Watanisema wameshiba.