Macho ya Pichi

Mume wangu Hoyt alipostaafu, wenzake hapa kusini mwa Georgia walikuwa wananunua mashua. Yeye alinunua nyoka. Nyoka wa mahindi, ndivyo wanavyomwita huku, mwekundu, mpole, hana sumu, ndivyo alivyoniapia. Akamwita Pichi na kumweka sebuleni kwenye sanduku la kioo, pale ilipokuwa picha ya marehemu mama yangu.

Hoyt hajui lolote kuhusu nyoka. Baba yake alikuwa akiwakata kwa jembe. Basi akamfunika Pichi blanketi la mtoto, akawa anampima joto kutwa na kumsomea utabiri wa hali ya hewa. Panya wake wa kula, waliogandishwa, walilala kwenye friza langu, juu ya bamia zangu. Nilivumilia mpaka Pichi alipogoma kula. Hapo nikamwambia Hoyt, asipokula hadi Jumapili, anahama nyumba hii. Akakubali kinyonge, maana macho ya nyoka yalishaingia ukungu.

"Lurlene, amepofuka," akaniambia, machozi yanamtiririka.

Mimi nilipopasuliwa jicho mwaka jana, aliniacha hospitali akaenda kutazama mpira. Iliniuma, sitaficha.

Jumatano, kwenye ibada ya maombi, Mchungaji Tuten aliuliza nani ana haja. Kwetu ukiwa na jambo la aibu unainua mkono tu, unasema ni ombi la siri, na watu wanakuombea bila kuuliza. Yaani bila kukuuliza wewe. Hoyt akainua mkono. Angesemaje? Nyoka hana mtetezi kanisani kwetu tangu Edeni. Tulipotoka, Dada Wynelle, ambaye habari zote za kanisa hupitia kwake, akakumbuka jicho langu la mwaka jana, akambana mlangoni na kumuuliza kama ni macho. Hoyt hajui kudanganya. Akaitikia, akaanza kulia upya.

Kesho yake kaunti nzima ilijua kwamba mimi napofuka. Mabakuli yakaanza kumiminika: kuku na wali wa kuoka, makaroni ya jibini, viazi vitamu vyenye sukari ya kuua mtu. Wynelle aling'ang'ania kuliweka la kwake kwenye friza mwenyewe, ikabidi niuzibe mlango wake kwa makalio asiwaone panya. Akawa ananisemesha polepole kwa sauti ya juu, utadhani kipofu ni kiziwi pia. Hoyt alivila vyote. Nilimwambia akaseme ukweli, akasema atausema Jumapili, Pichi akishaondoka.

Jumapili asubuhi tukamkuta Pichi amejivua ngozi yote, ameiacha kando ya maji, anang'aa, macho maangavu kabisa. Kumbe ule ukungu wa macho ulikuwa dalili ya kujivua tu, jambo ambalo kila nyoka hufanya. Akammeza panya mbele yetu. Hoyt akalia kwa mara ya tatu wiki ile.

Kanisani alisimama hata wimbo haujaisha, akashukuru kwamba ombi lake la siri limejibiwa. Kanisa zima likanigeukia mimi. Neno langu moja tu lingetosha. Ningesema ni nyoka, na Hoyt, kwa aibu, angemtoa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Nilishafungua kinywa. Ndipo Wynelle aliponishika mikono yote miwili, analia kwelikweli, pua imemwiva.

"Dada Lurlene, unaniona?"

Sijawahi kuliliwa na mtu, mimi. Nikamtazama Hoyt, ameikunja kofia yake mpaka imekuwa kitambaa. Nikamtazama tena Wynelle.

"Nakuona, dada," nikasema.

Wakapiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Pichi yuko sebuleni hadi leo, na picha ya mama iko chumba cha kufulia. Kila Jumapili Mchungaji Tuten hunisimamisha mlangoni kuniuliza macho yanaendeleaje, na kabla sijajibu, Hoyt humwambia kwa furaha kwamba siku hizi hata chakula hakimpigi chenga.