Chakula cha Mchana kwa Bramwel Japani

Wilkista aliinama kuingia Hoteli Japani midomo akiwa ameibetua tayari. Tangu azaliwe hajaona upuuzi kama wa hoteli ile iliyofunguliwa hapo karibu na stesheni ya Bungoma. Mtu mzima anavuliwa viatu mlangoni! Makarani wa reli, watu na heshima zao, wamekaa mkekani soksi zimetoboka, vidole nje, wanachokoachokoa wali kwa vijiti vya mwanzi, ati wanakula Kijapani. Na kesho wanarudi tena, bila haya.

Mwenye hoteli, Bramwel, alikuwa keya, askari wa Mwingereza. Alipigana Burma, na vita vilipokwisha akawekwa kulinda mateka wa Kijapani, mmoja wao akamfundisha kupika. Wenzake walirudi na baiskeli. Yeye akarudi na ujuzi wa kubana wali. Mteja akiingia, Bramwel anatoka jikoni, anainama mpaka kiunoni, kisha anakaa naye mkekani kumwonyesha jinsi ya kushika vijiti. Mwanamume mzima na ndevu zake!

Huyo ndiye aliyetaka kumwoa Nekoye, binti pekee wa Wilkista. Baba yake Nekoye alikwisha kufa, basi wazee wa ukoo walikaa, wakasikia habari ya ng'ombe, wakakubali. Ng'ombe wangefika Jumamosi. Wilkista hakuulizwa, na lilimuuma, maana alishamchagulia binti yake karani wa posta huko Kitale, kijana wa tai na kalamu mfukoni. Nekoye mwenyewe alisema karani huyo ana maringo na hamtaki, lakini Nekoye anajua nini?

Tena tangu atume wazee, Bramwel aliacha hata kumsalimia. Zamani alikuwa akimwinamia barabarani mpaka watu wanacheka. Siku hizi akimwona anakuja na kikapu chake, huyo, anazunguka nyuma ya stesheni. Wilkista alisema ameshajiona, ameshiba wali.

Lakini dawa yake alikuwa nayo. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawashikani mikono. Hilo mtoto analijua kabla hajaota meno. Basi leo, kabla ng'ombe hawajafika, angekaa na Bramwel goti kwa goti na kula kutoka mkononi mwake, makarani wakiona. Baada ya aibu kama hiyo, wazee wenyewe wangewarudisha ng'ombe njiani, na Nekoye angeolewa Kitale.

Akavua viatu, akakaa katikati kabisa. Chakula kililetwa na Cherop, mama aliyesaidia kazi pale. Matonge ya wali, matango yaliyolowekwa kwenye siki, supu ya omena, wale dagaa wa ziwani, na chai. Chai gani hiyo, haina maziwa, haina sukari, rangi yake utadhani maji ya kuoshea majani! Hata matangani mtu hapewi chai ya namna hiyo. Ugali hakuna. Kuku je? Kuku alikuwa nje anatembea, mgeni amefika na kuku bado ni mzima.

Wilkista akamwambia Cherop amwite mwenye hoteli aje amfundishe kushika vijiti. Cherop akaenda, akarudi, akasema mwenyewe anakoroga supu. Akatumwa tena, akarudi, akasema mwenyewe ameungua kidole. Makarani walikuwa wameacha kula, wanasikiliza. Kwa hasira Wilkista alitupa tonge mdomoni, akalimeza, na la pili likashuka lenyewe kabla hajakumbuka kukunja uso. Kisha akasimama, akaenda hadi kwenye gunia lililoziba mlango wa jikoni.

"Bramwel! Wengine wote unakaa nao. Mimi nina ukoma?"

Halafu sauti ikatoka upande wa pili wa gunia, chini kabisa, kama ya mtu aliyechuchumaa.

"Mama, nikatae mbele ya wazee, nitanyamaza. Lakini kukaa mbele yako siwezi. Nilikwisha kukuita mama."

Wilkista akafunua gunia kwa nguvu. Jikoni hamkuwa na mtu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na pa kuwekea ndoo ya maji palikuwa patupu.

Akalipa, akatafuta viatu vyake kati ya vya makarani, akatoka amefura, akashika njia ya mahindi ya kwenda kwake. Akakata kona, na huyo hapo Bramwel anakuja kutoka mtoni, ndoo kichwani, macho chini, hajamwona. Njia ni nyembamba, hana pa kukimbilia. Nyuma ya Wilkista makarani walikuwa wamemfuata hadi konani kutazama. Wilkista alikuwa na kazi moja tu: kusimama palepale na kumpa mkono.

Miguu yake ikamtoa njiani. Alijikuta ndani ya mahindi, leso ameivuta kichwani, mgongo ameupa njia, tope limeingia viatuni, mpaka aliposikia hatua zimepita. Alijitukana huko mahindini, tusi zito, la kwake peke yake.

Alipofika nyumbani alimwambia Nekoye afagie uwanja vizuri, Jumamosi kuna ng'ombe.

"Na ukifika kwake," alisema, akikung'uta tope, "upike ugali. Hayo matonge yake awape makarani."