Alama ya Rangi ya Kucha

Walimwita Sindano kwa jinsi gita lake lilivyopenya. Miaka ishirini na minne alikuwa mpiga solo wa bendi, na busta yake, kile kipedali cha kukanyaga kinachoinua sauti nyembamba zisimezwe na ngoma, aliijua kuliko alivyowajua wakwe zake. Mkewe ndiye aliyeitia alama: tone la rangi nyekundu ya kucha, pale ambapo ukizungusha kitufe sauti inakuwa tamu. Hapohapo, miaka yote.

Sasa, jamani, hapo kwenye alama gita lilikuwa bubu! Kila wiki Sindano alizungusha kitufe zaidi, mpaka kikagota, na bado alilisikia kama limefunikwa blanketi. Wenzake nao walilalamika kwamba linawatoboa masikio. Kiongozi wa bendi uvumilivu ulimwisha: "Mazoezi ya leo ndiyo mwisho. Ukitupigia makelele tena, solo anachukua mwingine."

Ndiyo maana asubuhi hiyo alimvamia shemeji yake, fundi redio, kaka wa mkewe.

"Umeiua wewe, ulivyoifungua mwaka jana," alisema, hata salamu hakutoa.

"Haya, mlete marehemu nimwone."

Fundi alifungua, akapima, akabadilisha betri. Nzima kabisa. Akachomeka gita kwenye spika ya dukani, Sindano akakanyaga, akapiga.

"Unasikia? Imekufa!"

Mshona nguo wa duka la pili alikuwa ametoka nje, kaziba masikio kwa viganja viwili. Sindano alimwona, akaja juu zaidi: waya mbovu, spika mbovu, umeme wa mtaa huu wa ovyo tu.

Fundi hakubishana. "Shemeji, nipe mgongo. Piga zile nyuzi nyembamba, mimi nabonyeza busta kwa mkono. Niambie ikiwaka na ikizima."

Mchezo wa watoto huo! Sindano akapiga. "Imewaka. Imezima. Hapo imewaka tena." Akageuka akitabasamu. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda kule mlangoni, mikono mapajani, na kitaa cha pedali kinawaka.

"Haijazimwa hata mara moja," alisema. Ilibidi arudie kwa sauti ya juu.

Sindano akakaa sakafuni na gita lake. Aliogopa, tena sana. Akakumbuka anavyomgombeza mjukuu wake kila siku, eti mtoto ananong'ona.

"Nani mwingine anajua?"

"Dada. Ndiye aliyeniambia nikujaribu."

Sindano alimsukumia ile busta. "Kirudishe kitufe kwenye alama," alisema, "halafu kigandishe kwa gundi. Hata nikikulilia, kisizunguke."

Mazoezini zamu ya solo ilifika, akakanyaga. Ngoma alizisikia. Besi aliisikia. Zile nyuzi nyembamba, kimya. Akaacha vidole viende vilivyozoea, macho yake yakiwa usoni kwa kiongozi, kuona kama atakunja uso. Kiongozi akacheka, akamwinulia dole gumba, kisha akaja kumpigia kelele sikioni: "Umeona! Fundi wako kiboko! Sindano amerudi!"

Nyumbani mkewe alikuwa akimngoja mlangoni.

"Ilitoka vizuri?"

Sindano alimkabidhi ile busta. "Waulize wao," alisema. "Mimi sikuwepo."