Magugu ya Mwaka Mpya

Dympna Crowley hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Zinash na mdogo wake Temesgen walipofika kijiji kimoja cha Cork kutoka Ethiopia, walikuta ramani ya nchi yao imebandikwa jikoni, gunia la tefu, nafaka ya kwao, limeegemea ukutani, na mama mpya anayewaamkia kwa Kiamhari alichokariri usiku na mchana. Zinash, aliyekuwa na miaka sita, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko. Baadaye Dympna alikuja kujua kwamba alikuwa amewatakia safari njema.

Miaka minne ikapita. Mwaka ule, Septemba kumi na moja, sikukuu ya mwaka mpya wa kwao, ikaangukia Jumamosi. Dympna aliamka alfajiri akapika injera, mkate wa tefu. Alipanga picha mezani, akaandaa na maswali kumi ya chemshabongo kuhusu mito na wafalme. Mumewe Fachtna, dereva wa lori la maziwa, alishaondoka kwenda kazini.

Zinash alitazama zile picha, akashusha pumzi.

"Mama, kwani sisi ni wageni wa ubalozi?"

"Haya mwanangu, wewe unataka nini?"

"Nataka tukaimbe. Kule, siku hii, wasichana tunavaa nguo nyeupe, tunapita mlango kwa mlango, tunaimba na kugawa maua. Mama Abaynesh alikuwa ananifunga mshipi mwenyewe."

Abaynesh ndiye aliyewazaa. Jina lake halikuwa siri katika nyumba ile; picha yake ilikaa sebuleni, karibu na ile ya harusi ya Dympna na Fachtna. Lakini habari ya mshipi ilikuwa mpya. Dympna aliikusanya chemshabongo yake, akaitia kwenye droo.

"Nguo nyeupe ipo," alisema. "Maua gani?"

"Ya manjano. Yanachanua mwezi huu tu. Huku hayapo."

"Yapo!" Temesgen alidakia, yuko dirishani na mdomo umejaa injera. "Si yale pale? Kibao!"

Kweli, ng'ambo ya ukuta wa mawe, shamba la Mzee Con Hegarty liliwaka manjano kutoka pembe hadi pembe. Dympna alikuwa mtoto wa jiji la Dublin, wa lami na taa za barabarani. Kwake ua lilikuwa ua. Wakang'oa mafungu matatu makubwa, na mizizi yake.

Kikwazo kikaja kwenye wimbo. Zinash aliimba ubeti wa kwanza vizuri, akaingia wa pili, akakwama. Akarudi mwanzo, akakwama palepale. Macho yakamjaa machozi.

"Nilikuwa naujua, Mama. Nilikuwa naujua wote."

Hapo hakukuwa na kitabu alichosoma Dympna ambacho kingemsaidia. Akampigia simu Yeshimebet, mama wa Kiethiopia mwenye saluni mjini, ambaye kila mwezi humsuka Zinash.

"Nini tena? Nani kafa?" Yeshimebet aliuliza baada ya kusikia kwikwi.

"Nimesahau ubeti wa pili, shangazi."

"Ubeti wa pili! Kwetu sisi huo tulikuwa tunauruka, tunakimbilia mkate. Futa makamasi, uimbe na mimi."

Akaimba kwenye simu, mashine za kukaushia nywele zikivuma nyuma yake. Waliurudia mara nne, mpaka hata Temesgen akaujua. Naye Dympna alipewa kazi ya kiitikio na makofi.

"Mama, usipaze sauti sana," Zinash alimwomba kwa upole.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Lehane, karani wa posta mstaafu. Alisikiliza wimbo wote, mkono kifuani. Akapokea fungu lake, akayaangalia maua, akamwangalia Dympna, akayameza aliyotaka kusema. Aliwapa keki ya tufaha, nao wakaendelea kwa Mzee Hegarty.

Mzee huyu aliishi peke yake tangu dada yake afariki, na mwezi uliopita alikuwa amepata barua kali ya onyo kutoka serikalini kwamba shamba lake limezidiwa na magugu yenye sumu kwa ng'ombe. Akafungua mlango, akakuta gugu lenyewe limefungwa utepe.

"Nani kawatuma kunidhihaki?" alinguruma. "Ni yule Lehane?"

"Hakuna aliyetutuma, Mzee Hegarty," Dympna alijibu. "Leo ni mwaka mpya wa watoto. Wamekuletea maua."

"Maua? Mama wewe, hili linaua ng'ombe! Mmelitoa wapi?"

Temesgen akanyoosha kidole shambani, hana wasiwasi hata kidogo. "Kwako!"

Dympna alihisi uso unamwaka moto hadi masikioni.

"Mmelikata au mmeling'oa?" mzee akauliza.

"Tumeling'oa," Zinash akasema. "Na mizizi."

Mzee Hegarty aliangalia lile fungu, akaangalia shamba lake, mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika mlango asianguke.

"Miaka sitini nangoja mtu aje kuniibia hili! Hebu nendeni pale bombani mkanawe mikono, kwa sabuni. Kisha mrudi mniimbie. Mtu haji mlangoni kwangu aondoke bila kuimba."

Waliimba. Ubeti wa pili ulipofika, Zinash alifumba macho, ukatoka wote, haukubaki nyuma hata neno.

"Sisi tulikuwa tunafanya hivyohivyo," mzee alisema walipomaliza. "Siku ya Mtakatifu Stefano, kesho yake Krismasi. Nyuso tumezipaka masizi, tuna kandege juu ya fimbo, nyumba hadi nyumba, mpaka watupe sarafu."

"Mlikuwa mnaimba vizuri?" Zinash aliuliza.

"Vibaya mno! Walitulipa tuondoke."

Aliyachukua magugu yote akayatia ndani ya pipa la kuchomea taka, akawakatia maua ya manjano yenye vichwa vikubwa kutoka kwenye bustani ya marehemu dada yake. Halafu akaingia ndani, akatoka na kodiani yenye vumbi, kavaa viatu vya Jumapili.

Mcheza kwao hutunzwa, na siku ile kijiji kizima kilikuwa kwao. Watu waliofungua milango walishangaa zaidi kumwona Con Hegarty kuliko kusikia Kiamhari. Nyumba ya nne, mabinti wawili wa darasa la Zinash walijiunga na kiitikio. Ya saba, walikuwa wasichana sita na mbwa.

Jioni walirudi na kikapu cha mayai, mikate na chokoleti. Temesgen alilala mgongoni kwa Dympna. Zinash alitembea pembeni, nguo nyeupe imeingia tope, akitafuna chokoleti.

"Mama."

"Naam."

"Mama Abaynesh naye alikuwa anakosea kiitikio." Akaonyesha kwa mkono jinsi sauti ilivyopanda pasipotakiwa. "Hivi. Nimekumbuka leo, ulipokuwa unaimba."

"Hebu niimbie alivyokuwa anakosea," Dympna akasema.

Zinash akaimba. Dympna akaitika, wakashuka kilima wakikiharibu kiitikio pamoja.