Sahani ya Mjomba Yeslam

Ukitaka kugombana na bibi yeyote wa mtaa wa Mishomoroni, mwambie mjukuu wake anakula mno. Mahfoudha alilijua hilo, na ndiyo maana hofu yake aliimeza peke yake kwa muda mrefu.

Kila alipomtazama binti yake Rania akila, alimwona marehemu kaka yake, Yeslam. Si sura tu. Ni yale macho yaliyofuata nyama mkononi mwa mwenzake, ni kule kuulizia chakula cha usiku wakati vyombo vya mchana havijakauka. Yeslam alikuwa hivyo hivyo tangu utotoni, na watu walimcheka. Akanenepa, akapata sukari, akakatwa mguu, akazikwa kabla hajaota mvi. Rania alikuwa na miaka saba, na sare yake ya shule ilikuwa imeshapanuliwa mbavuni.

Wala usiseme ni malezi. Ihsan, kaka yake Rania, alilelewa chini ya paa lile lile, naye akila matonge mawili matatu amekwisha kukimbilia mpira.

"Mtoto yuwala, mashaallah, wamtakiani?" mama yake Mahfoudha alikuwa akisema, huku akimsogezea Rania mnofu wa samaki. Mle ndani wote walikula sinia moja, na mkubwa akikupenda hukusogezea kinono. Bibi huyu alipenda sana.

Alfajiri moja Mahfoudha alimkuta Rania jikoni, amechuchumaa juu ya sufuria, anakwangua ukoko wa wali kwa kucha huku machozi yanamtoka.

"Tumbo lauma, mama," alisema. "Lakini bado nataka."

Siku ile ile Mahfoudha akampeleka kwa daktari wa watoto kule Nyali, mama mmoja mpole aitwaye Eddah. Daktari alimpima Rania uzito, akamtoa damu, akauliza habari za ukoo. Mahfoudha akamweleza ya Yeslam, na ya baba yao pia, ambaye naye hakuwahi kuondoka kwenye chakula kwa hiari yake.

"Si ulafi, wala si wewe uliyemharibu," Daktari Eddah alisema. "Hamu ya kula, na hata kusikia shibe, kwa sehemu hurithiwa. Kuna watoto ambao chembe zao za urithi huwavuta zaidi kwenye chakula, na habari ya shibe huwafikia imechelewa. Lakini kurithi si kuhukumiwa. Damu yake haijaonyesha ugonjwa wa sukari. Soda na vya kukaanga vipunguzeni nyumba nzima, mpimie chakula chake, mwache acheze. Ila usimtenge, wala usimtie haya."

Maneno yalikuwa mengi na mazuri, lakini mwenye hofu husikia anachokitaka. Mahfoudha alitoka pale na moja tu: mpimie chakula chake.

Mchana aliwapakulia wengine kwenye sinia. Kisha akafungua kabati, akatoa sahani ya bati ya buluu, akampimia Rania wali, mchicha na kipande cha samaki. Akamkalisha kando ya mkeka, mahali ambapo mkono haungefika kwenye sinia. Bibi aliitazama sahani ile, akageuza uso.

Rania aliiangalia sahani. Hakula. Usiku hakula. Asubuhi alikunywa chai tupu akaenda shule, na mchana wa pili alikaa mbele ya sahani ile ile, midomo imemkauka. Mahfoudha aliyeogopa mtoto anavyokula, sasa akaogopa asivyokula, na hofu hii ya pili ilikuwa kali kuliko ya kwanza.

"Rania."

"Abee, mama."

"Mbona huli, mwanangu? Wanikomoa?"

"La." Sauti haikusikika vizuri. "Mama, nitakufa lini?"

Ihsan aliacha kutafuna.

"Hii ni sahani ya Mjomba Yeslam," Rania akasema. "Alipokatwa mguu alipakuliwa humu, akala hapa peke yake, halafu akafa."

Bibi akajifunika uso kwa leso. Ilikuwa kweli. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kupewa sahani ya peke yake ila mgonjwa aliyekatiwa tamaa, na sahani hii Mahfoudha aliiosha mwenyewe baada ya matanga, akaiweka kabatini. Hata hakufikiri alipoitoa.

"Hufi, mama," alimwambia binti yake, akimvuta kifuani. "Huna maradhi. Wallahi, daktari amesema damu yako ni safi."

Aliiondoa ile sahani. Akamrudisha Rania kwenye sinia, kati yake na Ihsan, akaukusanya wali na kuugawa upya, kila mtu fungu lake, mchicha katikati.

"Leo kila mtu ale mbele yake, kama tulivyofunzwa," alisema. "Na wewe, mama, tafadhali, usimsogezee mtu kitu."

Bibi alikuwa ameshaushika mnofu. Aliutazama, akautia kinywani mwake mwenyewe.

Rania alikula kwa pupa ya mtu aliyerudishiwa uhai. Alipomaliza fungu lake, macho yalikwenda kwa la Ihsan. Mkono ukainuka, ukasita. Akamgeukia mama yake.

"Mama, nimeshiba?"

Hakuwa na mzaha. Aliuliza kama mtoto anavyouliza kama nje kunanyesha. Mahfoudha alitaka kumjibu ndiyo. Kwanza akalisikiliza tumbo lake mwenyewe, apate kumweleza shibe ikoje, na humo ndani hakusikia kitu. Ndipo alipotambua, kwa hofu, kwamba maisha yake yote alikuwa akiacha kula pale tu wenzake waliponyanyuka.

"Sijui, mwanangu," alisema, akaushika ule mkono wenye punje za wali. "Tungoje kidogo, mimi na wewe, tusikilize."